Majina ya Mitambo na Haki ya Fundi

Jina la chombo ni mlango wa kukijua chombo. Mtu aliyefungiwa mlango huo aweza kukigusa chombo, kukifuta vumbi na kukilinda usiku kucha, lakini hawezi kukitawala. Hii ndiyo hali ya mafundi wengi wa Tanzania mbele ya mitambo ya viwanda vya sasa. Zamani mtambo uliendeshwa kwa mkanda, gurudumu na mkono wa mtu; siku hizi waendeshwa pia kwa ujumbe upitao katika nyaya, kutoka kipimo hadi kidhibiti, na kutoka kidhibiti hadi mota. Mfumo wa nyaya na ujumbe huo, uitwao ithaneti ya viwandani, umekwisha kuingia nchini. Nyaya zimefika, visanduku vimefika, wataalamu wa kuvifunga wamefika na kuondoka. Maneno ndiyo yaliyoachwa nyuma. Wako watu wasemao kwamba upungufu huu ni mdogo, na kwamba fundi atosheka na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya sanduku. Rai hiyo ni ya makosa, na madhara yake humwangukia mtu asiye na sauti.

Hapana mji ufaao zaidi kulipima jambo hili kuliko Morogoro. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika chini ya milima ya Uluguru mwaka 1907, na watu wa nchi hawakuhitaji halmashauri ya wataalamu ili walipe chombo kile jina. Waliona gari, wakaona moshi, wakasema gari la moshi. Mwezi wa Juni 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Moshi umetoweka, na mahali pake pameingia ujumbe usioonekana kwa macho, upitao kati ya treni na kituo cha kuiongoza. Baada ya uhuru mji huu ulifanywa kuwa mji wa viwanda: ngozi, viatu, turubai, nguo na tumbaku. Mkoani mna viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, na kituo cha umeme cha Kidatu chenye uwezo wa megawati 204. Zaidi ya hayo, Morogoro ndipo kilipo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, ambamo hufundishwa walimu watakaowafundisha mafundi wa nchi nzima. Neno likipotoka hapa, hupotoka kila mahali. Likinyoka hapa, laweza kunyoka kila mahali.

Mji huo huo una onyo lake. Katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilikopesha fedha kwa kiwanda kikubwa cha viatu mjini Morogoro, kikusudiwe kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Mitambo ilikuwa ya kisasa. Walakini kiwanda hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Itakuwa uongo kusema kwamba lugha ndiyo iliyokiua. Jengo lake halikufaa kwa joto la nchi, na taabu za vipuri, malighafi na uongozi zilikuwa nyingi. Lakini funzo moja la kiwanda kile halina ubishi: mitambo hununuliwa kwa fedha, na umahiri haununuliwi. Umahiri hujengwa katika akili za watu, na akili hujengwa kwa maneno yanayoeleweka.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba maneno ya Kiingereza yana maana kamili, na ya Kiswahili ni ya kubahatisha. Na ichunguzwe. Jina lenyewe la ithaneti lilitungwa mwaka 1973 huko California na Robert Metcalfe, aliyeubuni mfumo huo pamoja na David Boggs katika maabara ya kampuni ya Xerox. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni etha. Wataalamu wa karne ya 19 waliamini kwamba etha ni kitu chepesi kilichojaza ulimwengu wote, na kwamba mwanga husafiri ndani yake. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walifanya jaribio mashuhuri la kuitambua etha hiyo, wasiione dalili yake. Basi jina la mtandao uendeshao viwanda vya dunia limejengwa juu ya kitu ambacho sayansi imekwisha kukikana. Jina hilo halikuuzuia mtandao kufanya kazi, na mwaka 1983 ulipata kanuni zake rasmi. Lakini mtu anayeliheshimu jina hilo kwa kudhani kwamba lina hekima iliyofichika, na kulidharau neno la Kiswahili kwa kudhani kwamba halina, aheshimu ugeni wake tu.

Na hayo mengine ni yale yale. Kila kifaa kilichofungwa katika mtandao huitwa nodi. Nodi ni neno la Kilatini, na maana yake ni fundo. Mrumi aliyefunga kamba alilijua. Mkulima wa Mtibwa ashikaye mua alijua pia, kwa maana mua una mafundo, na kati ya fundo na fundo mna pingili. Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Kifaa ni fundo. Kipande cha mtandao kilicho kati ya fundo na fundo ni pingili. Mwanafunzi akiambiwa kwamba pingili moja ya waya wa shaba haipasi kuzidi mita 100, na kwamba mahali penye umbali mkubwa au kelele nyingi za umeme hutumika waya wa kioo, atalishika somo hilo kabla ya kengele kulia. Vivyo hivyo ujumbe usafirio katika waya. Kila ujumbe hubeba anwani ya mpokeaji, anwani ya mtumaji, habari yenyewe, na mwishoni hesabu ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Kwa Kiingereza kifurushi hicho huitwa fremu. Mtaani Morogoro fremu ni mbao za dirisha, au chumba cha duka cha kupangisha. Kwa nini basi kisiitwe bahasha? Bahasha ina anwani, ina kilichomo, na hufungwa. Neno hili lajieleza lenyewe.

Kifaa kina anwani mbili, na hapo wanafunzi wengi hupotea. Moja hutiwa kiwandani kinapotengenezwa, nayo ina tarakimu 48 za sifuri na moja. Nyingine hupewa kinapofungwa mahali pake pa kazi. Ya kwanza ni kama jina la kuzaliwa, ya pili ni kama makao. Mtu akihama Mgeta na kwenda Kihonda, jina lake habadilishi, makao hubadilika. Kifaa kilichoungua kikiondolewa na kipya kutiwa mahali pake, makao huweza kuwa yale yale, lakini jina ni jingine. Fundi aelewaye tofauti hii kwa lugha yake hatapoteza siku nzima akitafuta kwa nini mtambo haumtambui mgeni.

Kosa kubwa kuliko yote limo katika maneno yahusuyo wakati. Ofisini barua ikichelewa nukta moja hakuna aumiaye. Kiwandani amri ya kusimamisha mkanda ikichelewa, mkono wa mtu waweza kwenda na mkanda. Ithaneti ya kwanza haikuwa na dhamana ya wakati. Vifaa vyote vilitumia waya mmoja. Kila kimoja kilisikiliza kwanza, kikinyamaziwa kilisema, na viwili vikisema pamoja vilinyamaza vyote, kila kimoja kikangoja muda wa kubahatisha ndipo kikarudia. Adabu hiyo yafaa barazani, ambako mzee aweza kusubiri. Haifai kwa mota zinazopaswa kugeuka pamoja. Kwa hiyo viwanda viliongeza kanuni mpya na vifaa vya kugawa njia, ili kila bahasha ya lazima ifike kabla ya muda uliowekwa. Sifa hii Kiingereza huiita kwa maneno ambayo hufasiriwa neno kwa neno kuwa “wakati halisi”, na wengine husema “papo hapo”. Tafsiri ya kwanza haisemi kitu. Ya pili yasema uongo, kwa sababu jambo linalotakiwa si haraka, ni kutovunja ahadi ya muda. Mtambo mmoja waweza kuahidi sehemu ya elfu ya nukta, mwingine nukta nzima. Wote ni waaminifu wakitimiza. Kiswahili kina neno la ahadi ya namna hiyo tangu kale, nalo ni miadi. Mtandao wa miadi, ujumbe wa miadi, kuvunja miadi: fundi akisikia maneno haya hatanunua kifaa chenye mwendo mkubwa akidhani kwamba mwendo ni uaminifu.

Yako maneno mengine ambayo, yakiachwa katika Kiingereza chake, huleta hatari waziwazi. Swichi katika Kiswahili ni kitu cha kuwasha na kuzima umeme. Katika mtandao, swichi ni kisanduku kinachosoma anwani ya kila bahasha na kuipeleka katika mlango wake. Msimamizi akipaza sauti kwamba swichi izimwe, nani atajua ni ipi? Mmoja atazima taa, mwingine atakata mawasiliano ya mtambo mzima. Haidhuru neno swichi likibaki, ilimradi liwe na sifa yake kila mara: swichi ya umeme, swichi ya mtandao. Kadhalika mtandao wa kiwanda hufungwa mara nyingi kwa umbo la pete, ili waya ukikatika upande mmoja ujumbe uzunguke upande wa pili. Jina la Kiingereza la hali hii ni lile lile litumikalo kwa mfanyakazi aachishwaye kazi kwa kuwa hahitajiki tena. Katika mji ulioona viwanda vikifungwa na watu wakirudi nyumbani, mwalimu atasimamaje darasani na kuisifu kwa jina hilo njia iliyowekwa kwa usalama? Njia ya akiba ni maneno mawili, yaeleweka na mtoto, na hayamkumbushi mtu msiba wake.

Lakini neno lililo baya kuliko yote halina hatari ya umeme. Lina hatari ya nafsi. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa kanuni ya mawasiliano iitwayo Modbus, ambayo baadaye ilitiwa pia katika ithaneti na bado yatumika duniani kote. Katika umbo lake la asili kifaa kimoja huuliza, na vingine hujibu vinapoulizwa, wala havisemi bila kuulizwa. Waliouandika mfumo ule waliviita vifaa hivi kwa majina ambayo kwa Kiswahili ni bwana na mtumwa. Mwaka 2020 chama kinachoilinda kanuni hiyo kilitangaza kuyaacha majina hayo na kutumia mteja na mhudumu. Hata hivyo vitabu vya zamani na vidhibiti vya zamani vingali vikifanya kazi, na majina yale yangali katika vinywa vya wafundishao.

Morogoro haiwezi kuyapokea maneno haya kama sauti tupu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita chini ya Uluguru, na watu walipitishwa hapo shingoni wamefungwa. Mji wa Kisabengo ulisimama hapo hapo, na husimuliwa kwamba watu waliotoroka utumwa wa pwani walikuwa miongoni mwa waliomfuata, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na mikono safi katika biashara ile. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 alimkuta binti yake, Simbamwene, ndiye mtawala. Wako wajanja wasemao kwamba mtumwa, kwa asili ya neno, ni yule aliyetumwa tu. Kamusi huweza kuwakubalia. Kumbukumbu ya watu haiwakubalii. Tena hata bila historia hiyo maneno ni mabovu kwa kazi yenyewe, kwa maana hayaelezi kifaa kinafanya nini. Mwulizaji na mjibuji yaeleza. Mwanafunzi akisikia kwamba mjibuji hasemi mpaka aulizwe, amekwisha kuifahamu nusu ya kanuni. Hapa uungwana wa lugha na usahihi wa ufundi huenda njia moja.

Historia ya Uluguru yafundisha pia mwisho wa amri zisizoelezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima hii, na kuwalazimisha wakulima kuchimba ngazi za udongo mteremkoni. Waluguru hawakuwa wageni wa kilimo cha milimani. Walikuwa na mbinu zao, na upande wa Mgeta mboga hulimwa juu ya ngazi hadi leo. Lakini palipo na udongo mwembamba, uchimbaji ule ulileta juu udongo usio na rutuba. Wakulima walilijua hilo, wala hawakuulizwa. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukaachwa. Mabwana shamba walileta utaalamu wao kama amri, wakakosa lugha ya kusikiliza jibu. Mtambo wa kiwanda hauwezi kufanya ghasia, na fundi aogopaye kufukuzwa hafanyi ghasia, yeye hunyamaza. Unyamavu wake ni wa hatari zaidi, kwani asiye na neno la kulitaja kosa hulipita kosa kama hakuliona.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito kuliko ya kwanza, nayo yastahili jibu la heshima. Wasema kwamba vitabu vya mitambo huja kwa Kiingereza, vipuri huagizwa kwa Kiingereza, na fundi asiyejua majina hayo atakwama. Ni kweli. Hakuna adaiye kwamba Kiingereza kifukuzwe kiwandani. Linalodaiwa ni mpango wa hatua: maana kwanza, jina la kigeni baadaye. Aliyeelewa bahasha, fundo na miadi atajifunza majina yake ya Kiingereza kwa muda mfupi, kama mtu ajifunzavyo jina la pili la rafiki yake. Aliyekariri majina bila maana atafaulu mtihani na kushindwa na mtambo.

Hoja ya tatu yasema kwamba maneno ya Kiswahili ya kitaalamu hutungwa mezani, yakafia mezani. Hoja hii ina ukweli unaouma. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na kazi yake katika istilahi ni kubwa. Mwaka 1990 taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo kompyuta imelishinda neno tarakilishi katika vinywa vya Watanzania, ilhali Kenya neno hilo limepata wasemaji wake. Sababu yajulikana. Neno huzaliwa na mtaalamu, lakini hulelewa na mtumiaji. Gia, breki, spana, pampu na fyuzi hayakupitishwa na baraza lolote. Yalipita katika gereji, yakavaa irabu za Kiswahili, yakawa raia. Dawa ya ugonjwa huu ni kuyapeleka maneno kazini, na kuacha kuyatunga kwa siri. Tena pasiwe na ushupavu. Palipo na neno lifaalo, kama fundo, lichukuliwe. Palipo na neno la kigeni lililokwisha kukaa, kama waya na mota, libaki.

Wengine husema kwamba wakati haujafika. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na walikuwako waliosema kwamba sheria haiwezi kusemwa kwa Kiswahili. Mshitakiwa alikuwa na haki ya kuelewa hukumu yake. Fundi ana haki ya kuelewa hatari yake. Ikiwa haki ya kwanza ilistahili sheria, ya pili yastahili angalau orodha ya maneno.

Linalotakiwa si kubwa. Maneno ya msingi ya mtandao wa kiwandani hayazidi mia mbili. Yakusanywe Morogoro, katika chuo kile kile kinachowafunza walimu wa mafundi, na meza moja iwakutanishe wanalugha wa Dodoma na Dar es Salaam, mafundi wa sukari kutoka Kilombero na Mtibwa, mafundi wa reli, na mafundi wa umeme wa Kidatu. Wenzao wa Kenya na Uganda waalikwe, ili kazi ya tarakilishi na kompyuta isirudiwe. Kila neno lijaribiwe kwa swali moja: fundi akilisikia katikati ya kelele za mtambo, atajua afanye nini? Neno lisilolijibu swali hilo lirudishwe, hata likiwa zuri kama wimbo. Yaliyofaulu yachapishwe katika kitabu chembamba cha kutiwa mfukoni, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na kibandiko cha maneno hayo kiwekwe juu ya kila sanduku la mtandao, pale fundi wa zamu ya usiku atakapokisoma peke yake.